H moja na keki ya kilo tano

Ujumbe wenyewe ninao mpaka leo. Niliupiga picha ya skrini nisije nikasahau, nao unasomeka hivi: "Dada yule mama wa kinyerezi hatachukua kesho saa 4 asbh."

Uliingia Ijumaa saa 5 usiku. Mimi naoka nyumbani, oda zinapokelewa kwenye fremu yetu ndogo Tabata, ambako kuna binti anayenisaidia na simu ya kazi. Usiku ule nilikuwa nimeshachekecha unga, mayai trei nzima yako mezani, siagi nimeitoa kwenye friji ilainike. Keki ilikuwa ya sendofu, kilo tano, ghorofa mbili. Nikausoma ujumbe nimesimama, miguu imevimba tangu alfajiri, nikasema Mungu si Athumani. Sendofu imeahirishwa. Nikarudisha siagi, nikafunika unga, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata wiki nzima.

Saa 4 kasoro dakika tano simu ikaita.

"Mdogo wangu, niko hapa dukani kwako na gari. Huyu binti anasema keki inakuja na boda. Imefika wapi?"

Binti alikusudia kuandika "atachukua".

Dakika arobaini zilizofuata sitazieleza zote, mengine niliyoyasema yananitia aibu. Kwa kifupi, nilimpigia mwenzangu wa Segerea tunayefahamiana kwenye biashara hii, naye kwa bahati alikuwa na keki ya kilo tatu ambayo mteja wake aliisogeza mbele hadi jioni. Akaniuzia kwa 150,000. Boda wa kwenda na kurudi, 10,000. Yule mama nilimrudishia kianzio chake chote, 100,000, na salio sikumdai. Kwa hiyo keki niliyopaswa kuuza 200,000 ilinitoa 160,000 mfukoni, na sikubaki na hata shilingi ya kianzio. Yeye akaondoka na keki ya kilo tatu, ghorofa moja, yenye waridi za rangi ambayo hakuichagua. Hakunitukana. Alinitazama tu, akapanda gari. Katika ukoo ule sijapata oda nyingine mpaka leo, na zamani walikuwa wakiniletea hata ubatizo.

Baada ya hapo nikamgeukia binti. Nilifoka mpaka jirani wa duka la nguo akatoka nje kutazama. Akalia. Alipotulia akasema neno moja lililonifunga mdomo: "Dada, mimi naandika kama ninavyoongea." Na kweli, nikimkumbuka anavyoongea, husema "apa" na "uyu", halafu hapo hapo akasema "hasante" na "hajira". H kwake ni kama chumvi ya kuonjesha, huitupia panapomjia. Mdomoni haina madhara, kwa sababu uso wake, sauti yake na mkono wake vinakuambia amekusudia nini. Kwenye simu vyote hivyo havipo. Zimebaki herufi peke yake.

Usiku ule, badala ya kulala, nilichukua kalamu nikaanza kulipanga lile neno kama tulivyofanya darasa la nne. Anachukua, hachukui. Amechukua, hajachukua. Alichukua, hakuchukua. Hapo hata mtu akikosea H unamwelewa: akiandika "hamechukua" unajua amechukua, kwa sababu kama hajachukua pangekuwa na "ja". Halafu nikafika kwenye wakati ujao. Atachukua, hatachukua. Nikatazama mara mbili. Hakuna kingine kinachobadilika, mwisho wa neno ni ule ule, katikati ni pale pale. Ndiyo na hapana zimetenganishwa na herufi moja, tena ile inayotupwa ovyo kuliko zote. Utalipa, hutalipa. Ataleta, hataleta. Na bila hata kwenda wakati ujao: ana, hana, una, huna. "Mteja ana hela" na "mteja hana hela."

Sasa niambie, biashara inafanyika kwa wakati gani kama si huo ujao? Nani anaweka oda ya jana? Kila ahadi ya mteja, kila siku ya kuchukua, kila salio litakalolipwa, vyote vimekaa kwenye "ta". Ingekuwa tunapiga soga za mambo yaliyopita, H ingetupwa miaka mia bila mtu kupoteza senti.

Nisijifanye mtakatifu lakini. Mimi ni wa kizazi cha simu za vitufe, na tuliyoyafanya sisi hawa watoto wameyarithi tu. Wanaokumbuka watakumbuka: S ilikuwa ya nne kwenye kitufe cha 7, X ilikuwa ya pili kwenye kitufe cha 9. Kuandika "sasa" ni kubonyeza mara kumi. "Xaxa" ni mara sita. "Si" ni mara saba, C peke yake mara tatu, ndiyo maana hatukuwa na "sijui", tulikuwa na "cjui". Na ujumbe ulikuwa na nafasi 160, ukizidi unakatwa wa pili, nawe salio lenyewe ni la kuokoteza. Kufupisha kulikuwa ni ubahili wenye akili. Kinachonishangaza ni kwamba vitufe vimekwenda, nafasi 160 hazina mtu anayezihesabu, herufi zote zimelala kwenye kioo kila moja kwa mguso mmoja, na X imebaki palepale. Sasa ni mtindo, haina tena cha kuokoa. Sina ugomvi nayo. Rafiki yangu akiniandikia "mambo vp 2po" nami namjibu vivyo hivyo, na Kiswahili hakijafa.

Ila hiyo "2" nayo ilishaniumiza kabla ya H, nikacheka nikaipuuza. Dada mmoja alituandikia, "maandazi cjataka naomba keki 2." Nikaoka keki mbili za kilo moja moja. Alipokuja akashangaa: alimaanisha "keki tu". Keki ya pili tukaila nyumbani siku tatu, watoto wakafurahi, nikalihesabu kuwa ni jambo la kuchekesha. Laiti ningeshtuka pale. Elfu arobaini ya kilo moja ingenifundisha kwa bei nafuu.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa faini. Kila kosa la tahajia kwenye simu ya kazi, 500 kwenye posho ya binti. Wiki mbili tu akawa amekatwa 6,500, na nilijiona meneja. Wiki ya tatu nikaona simu imenyamaza, hakuna ujumbe hata mmoja ulioandikwa. Ameanza kutuma voisi. Siku moja nilihesabu 14, moja ya dakika tatu nzima, ndani yake kuna honi za daladala, kuna mteja anayeuliza bei ya soda, na mahali fulani katikati kuna oda. Mikono yangu ina unga mpaka kwenye kiwiko, nasikiliza, napitwa na neno, naanza upya. Ubaya mkubwa wa voisi ni kwamba huwezi kuitafuta. Ujumbe wa maandishi unaandika "Jumamosi" kwenye sehemu ya kutafutia unakuja. Voisi ya Jumanne iliyopita utaitafuta kwa kuzisikiliza zote. Faini nikaifuta, na zile 6,500 nikamrudishia. Kama una msaidizi anayekosea, usimtoze. Ataacha kuandika, na makosa utaendelea kuyapata kwa sauti.

Dawa ya pili ilikuwa kibodi. Simu ya kazi ilikuwa imewekwa Kiingereza, kila tukiandika "leo" inaligeuza kuwa Leo yenye herufi kubwa kama jina la mtu. Kijana wa jirani akatuwekea Kiswahili kwenye kibodi ya Google. Ipo, unaiongeza tu kwenye mipangilio ya lugha. Ilisaidia kwa "asante" na "huyu". Nikatulia, nikadhani nimemaliza. Siku chache baadaye nikaujaribu ule ujumbe wa yule mama, neno kwa neno, nione kama simu itanionya. Haikunionya. Ingenionyaje, nayo "hatachukua" ni neno zuri kabisa la Kiswahili? Mashine inakamata neno lisilokuwepo. Neno lililopo, lakini silo, inalipitisha na kulisindikiza.

Kwa hiyo tukarudi kwenye akili zetu wenyewe. Tulikaa chini, mimi na binti, kwenye ndoo mbili za krimu zilizopinduliwa, tukakubaliana kuikimbia hiyo "ta" kabisa. Mteja anakuja, tunaandika "anakuja". Haji, tunaandika "haji". Hayo mawili hata ukiyakosea hayafanani. Salio kalipa au bado, basi. Siku ikisogezwa tunaandika "imesogezwa", kwa sababu "ahirisha" lenyewe tumeona watu wengi wanaliandika "hairisha", H imekwenda kukaa mahali pasipo pake hata humo. Idadi ya vitu tunaandika kwa maneno, keki mbili, sambusa hamsini. Tarakimu tumeziachia pesa na saa. Na saa lazima iwe na asubuhi au usiku nyuma yake. Tulishapata oda ya ndugu wa mteja aliyeko Muscat, akaandika "saa 10 asubuhi", na mimi nikabaki najiuliza nani anakula keki alfajiri. Alikuwa anasoma saa ya Kizungu, na bila hilo "asubuhi" nisingeshtuka.

La mwisho, ambalo nadhani limeniokoa kuliko yote: oda ikikamilika tunamrudishia mteja maneno yake kwa mwandiko wetu, yote, mstari kwa mstari, na tunaomba ajibu SAWA. Asipojibu tunapiga simu. Dakika moja ya simu ni pesa ndogo sana. Ningempigia yule mama Ijumaa ile usiku, hata kama ni saa 5, angenijibu kwa hasira na keki ingepona. Hilo ndilo kosa langu mwenyewe, wala si la binti. Habari ya kuniondolea kazi ya 200,000 niliipokea kwa furaha bila kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na niliitaka iwe kweli.

Basi nikawa fundi wa tahajia. Mwezi mzima nikawa nasahihisha dunia. Na hapo ndipo nilipoharibu tena.

Mzee mmoja aliagiza keki ya mahafali ya mjukuu wake. Maandishi ya juu alituma: "Ongera" halafu jina la mjukuu "kwa kuitimu". Nikatabasamu. "Ongera" nikaipa H yake, "kuitimu" nikaipa H yake. Jina la mjukuu lilianza na A. Si la kawaida sana, na mbele yake likiwekwa H linakuwa jina lingine zuri la Kiislamu ambalo nalifahamu. Mtu aliyedondosha H mbili katika maneno matatu, hii ya tatu itakuwa imekwenda wapi? Nikaichora kwa krimu ya waridi, kubwa, yenye mkia. (Angekuwa anaitwa Asha nisingethubutu, maana "hasha" ni neno lingine kabisa.)

Jina la mjukuu lilikuwa vile vile alivyoliandika babu yake. Alipigiwa picha na keki yenye jina la mtu mwingine. Babu akanipigia jioni, mpole, na upole wake uliniuma kuliko kufokewa. Akasema, "Mwanangu, mengine nakosea, lakini jina la mjukuu wangu nilimpa mimi."

Tangu siku hiyo jina halisahihishwi na mtu. Tunamwomba mteja aliandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, alipige picha, atutumie. Wapo wanaoona usumbufu. Tunawabembeleza. Maneno mengine ya keki tunauliza, "Tuandike hongera yenye H?" Hakuna aliyekasirika bado, mmoja alijibu, "kwani kuna isiyo na H?"

Na kabla sijasahau, kuna barua pepe moja. Ofisi fulani mjini ilitaka bei ya vitafunwa vya mkutano wa watu themanini. Nikaandaa vizuri, nikaweka jedwali, na chini kabisa nikaandika kwa herufi nzito: "Jumla ya samani ya oda." Nikatuma. Jibu likarudi kesho yake, mstari mmoja wa adabu: wameshukuru, na wangependa kufafanua kuwa wanahitaji vitafunwa, samani wanazo. Nilisoma mara tatu ndipo nikaiona. Thamani. Mimi, niliyemkata mtu 500 kwa H, nilikuwa nimewauzia ofisi nzima meza na viti vya shilingi 480,000.

Mimi nimekulia bara, na wengi wetu huko TH tunaitamka S na DH tunaitamka Z, tunasema "samani" kwa vyote viwili na hakuna anayeteseka. Kiswahili tunachotakiwa kuandika shuleni na ofisini kimejengwa juu ya Kiunguja. Ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Hizo TH, DH na GH zimo midomoni mwa watu wa Unguja kwa sababu maneno yenyewe mengi yalikuja na Waarabu kwa njia ya bahari. Sisi tumezipokea kwa maandishi, masikio yetu hayajawahi kuzizoea. Kwa hiyo mtu akiniambia vijana ni wavivu ndiyo maana hawajui kuandika, namwacha amalize, halafu namwomba aniandikie "gharama", "dhamana" na "thelathini" bila kutazama popote. Wa mahari na mahali, wa kura na kula, nao ni hivyo hivyo; kila mmoja ana herufi ambayo kijijini kwao haikufika. La maana ni kuijua ya kwako. Mimi yangu ni TH. Nimeibandika kwenye mlango wa friji, maneno kumi na mawili ninayoyatumia kwenye biashara, na kila bei ikitoka kwangu naipitia kwanza kwa kutafuta hayo tu.

Kazi ile ya ofisi sikuipata. Sitasema ni kwa sababu ya neno moja. Huenda bei yangu ilikuwa juu. Lakini sijaacha kuwaza.

Binti bado niko naye. Siku hizi anaandika polepole, akimaliza anasoma kwa sauti ya chini kabla ya kutuma, midomo inacheza kama anasali. Juzi nilikuwa Kariakoo nimebanwa na mizigo, jua la saa 9, nikamtumia ujumbe wa haraka kuhusu duka. Simu yangu ikaita papo hapo.

"Dada, samahani. Umeandika 'leo hutafunga saa 1 usiku'. Kwa hiyo nifunge, au nisifunge?"

Nikasimama pembeni ya barabara, nikaweka mfuko wa unga chini, nikafungua nilichoandika.

"Funga, mdogo wangu," nikamwambia. "Funga."